Nyumba kwa Nyumba Hadi kwa Jovina

Kitabu kilikuwa kizuri. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu baadaye hakuna aliyelikumbuka. Jalada lilikuwa la rangi ya udongo wa Ngara, jina la Juvenali Niyokwizera limekaa juu bila kubanwa na kitu, karatasi nene isiyoonyesha maandishi ya upande wa pili, na kosa la chapa hukuti hata ukilitafuta kwa chuki. Siku kilipotoka mashineni Leonsia alikinusa kama mtu anayenusa mkate, akalia, kisha akafuta machozi na kuanza kukagua kama kuna ukurasa uliopinda. Ndivyo wahariri walivyo, huzuni yao haiwazuii kukagua.

Alikuwa mhariri mkuu wa Shina, kikundi cha wanafunzi kinachochapa vitabu katika chuo kimoja cha Mwanza. Shina ilikuwa na kila kitu isipokuwa vitu. Ilikuwa na mwenyekiti, wahariri, msanifu kurasa, na katibu mwenye muhuri wake mwenyewe. Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma ya maktaba, zamani stoo ya viti vibovu, na vile viti havikuwahi kuondoka, ndivyo walivyokalia. Kompyuta ilikuwa moja, nayo ilihitaji kubembelezwa. Hakuna aliyelipwa. Kila mwaka wakubwa walihitimu wakaenda kutafuta kazi, wadogo wakarithi viti vibovu na madaraka, wakajiona watu wazito kwelikweli.

Walikuwa na sheria moja waliyojivunia kuliko zote. Miaka ya nyuma, kabla ya Leonsia, walichapa kitabu cha mashairi kwa kutumia faili lisilo lenyewe, na chini ya shairi la mapenzi kukatokea maneno ya mhariri: huyu mshairi amekula leo kweli? Chuo kizima kilicheka. Mshairi mwenyewe akaacha kupita kantini mpaka alipohitimu. Tangu hapo Shina ikaamua kwamba kila kitabu kitakuwa na faili moja tu. Unasahihisha juu yake, unahifadhi, la zamani linakwenda zake. Hakuna toleo la kwanza wala la pili, kuna kitabu tu. Wageni walipokuja kujifunza kwao, sheria hiyo ndiyo waliyoonyeshwa kabla ya kukaribishwa chai.

Juvenali alijiunga akiwa mwaka wa kwanza, kijana mrefu wa Keza, huko Ngara, mkimya, ambaye akisimuliwa kichekesho hucheka wakati wenzake wamekwisha kuhamia habari nyingine. Alikuwa msomaji wa miswada. Halafu siku moja akaleta wa kwake, ameuandika moja kwa moja kwenye ile kompyuta jioni za Jumapili wakati ofisi haina mtu. Zilikuwa hadithi kadhaa, na ile ndefu ya mwisho ndiyo iliyomfanya Leonsia asahau kwenda kula. Kijana anatoka hospitali ambako dada yake amefariki. Anashuka kwenye gari barabarani, na nyumbani ni chini kule bondeni, njia inapita mbele ya nyumba za majirani wote. Mama yake hajui. Kijana ameamua kwamba mama ndiye atakayesikia kwanza, kabla ya mtu yeyote, na kwa mdomo, si kwa simu. Kwa hiyo inambidi apite kote kule kama mtu asiye na jambo.

Ilikuwa hadithi ya kukaba koo. Lakini katikati, kijana alisimama kila nyumba. Kila nyumba. Aliamkia, akaulizwa habari za safari, akajibu, akauliza habari za ng'ombe, akajibiwa, akaaga, akaenda nyumba inayofuata, akaanza upya. Kurasa kwa kurasa. Majina yakapangana, Ntirampeba, Restuta, Havyarimana, na wengine ambao Leonsia alidhani ni majina ya kutunga, maana yeye ni binti wa Malongo, Msukuma aliyehamia Biharamulo na ng'ombe wake, na watu wa Keza hakuwajua hata mmoja. Wasomaji wawili wa Shina waliandika kwamba hapo waliruka. Leonsia naye akaandika maoni yake kwenye kompyuta, pembeni mwa kurasa zile, mengi tu, kwa kujiamini.

Juvenali aliyasoma yote akasema sawa kwa kila kitu, ila kwa ile njia. Akamwomba asiiguse kwanza. Alisema yuko njiani kwenda likizo, akirudi atakaa naye chini amweleze. Leonsia akamtania kwamba mwandishi anayehitaji kukaa chini na msomaji ameshindwa kazi. Juvenali akacheka, kwa kuchelewa kama kawaida yake, akiwa tayari mlangoni na begi.

Hakurudi. Siku ya kurudi chuoni gari alilopanda liligongana na lori karibu na Lusahunga, kabla ya kufika Biharamulo. Begi lake na simu yake havikuonekana tena. Leonsia alipata habari akiwa ofisini, amekalia kiti kibovu, ile hadithi ikiwa wazi mbele yake.

Msiba ulimuuma kuliko alivyoweza kuwaeleza wenzake, kwa sababu hakukuwa na jina la kile walichokuwa nacho yeye na Juvenali. Hawakuwa wapenzi. Walikuwa watu wanaosoma sentensi moja kwa sauti mpaka usiku wa maktaba kufungwa, wakibishana kuhusu neno. Akaamua kwamba kitabu kitatoka, tena kitakuwa bora kuliko vyote walivyowahi kuchapa. Akakifanyia kazi kama mtu anayeosha mwili wa marehemu, kwa upole na bila haraka. Na alipofika kwenye ile njia, akajiambia kwamba hapa ndipo wasomaji wanamwacha, na hatakubali Juvenali aachwe. Akaikata. Mahali pake akaweka sentensi moja: Alishuka kutoka barabarani, akapita nyumba za majirani bila kusema neno, akafika nyumbani. Akahifadhi. Mwalimu mlezi wa Shina aliposoma alisema sasa hadithi imekaza, na Leonsia akaona fahari, fahari ya kweli, nikuambie tu, ya kumfikisha rafiki yake mahali pazuri.

Ulipokaribia kutimia mwaka wa msiba ikaja simu ya Anatory, baba mdogo wa Juvenali. Familia yao ni watu waliotoka Burundi zamani, na kwao msiba hauishi kwa kuzika tu. Ipo siku ya kuganduka, siku ambayo ndugu na majirani wanakusanyika, maisha ya marehemu yanasimuliwa mbele ya wote, kisha wafiwa wanatolewa rasmi kwenye majonzi na kurudi kazini. Anatory alisema wamesikia kitabu kimetoka. Mama wa marehemu anaomba siku hiyo maisha yasisimuliwe na mtu, kisomwe kitabu. Je, waliokichapa watakuja?

Leonsia alikwenda na Matiasi, msanifu kurasa, kijana mwenye maneno mengi ambaye safari hii aliishiwa. Walipopita Lusahunga wote wawili walitazama magoti yao. Walishuka njiani upande wa Ngara, wakachukua pikipiki mbili, boksi la vitabu limefungwa kwa mpira nyuma ya ile ya Matiasi, wakashuka kwenye vijia vya Keza vinavyopita kati ya migomba. Leonsia aliona nyumba moja, kisha nyingine, kisha nyingine, watu wakisimama kuwatazama na kupunga mkono, na bado hakuelewa yuko wapi. Pikipiki zina haraka.

Kwa Jovina, mama wa Juvenali, palikuwa pamejaa. Turubai limefungwa, pombe ya ndizi imekaa kivulini kwenye madumu, wanawake wanapalia moto chini ya masufuria ya maharage. Jovina alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Leonsia alimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akamshika mikono yote miwili na kumwangalia usoni kwa muda mrefu, kana kwamba anamkagua kama kuna kitu cha mwanawe kimebaki humo. Kisha akampeleka nyuma ya nyumba amwonyeshe shamba.

Lilikuwa kipande kidogo ambacho Juvenali alikuwa akikilima kila likizo. Magugu yalifika magotini. Jovina alieleza kwamba hakuruhusu mtu alitie jembe mwaka mzima, wala yeye mwenyewe hakushika jembe popote, majirani ndio waliomlimia apate kula. Leo kitabu kikishasomwa, Anatory atamkabidhi jembe, naye atapiga la kwanza hapa. Alisema amechoka kukaa. Alilisema kama mtu anavyosema amechoka kuugua.

Kisha akasema lile lingine.

Alisema Juvenali ndiye aliyeleta habari ya Secilia. Secilia alikuwa binti yake, dada wa Juvenali, ameolewa pale juu, nyumba ya mwisho kabla ya kufika kwake. Alifia hospitali, na Juvenali ndiye aliyekuwa naye. Siku ile alishuka toka barabarani akisalimia watu nyumba kwa nyumba, wakacheka naye, mzee Ntirampeba akampa pombe akanywa, na hakuna aliyejua alichobeba. Msiba ulipotangazwa watu waliumia. Waliona haya kwamba walimchekea mtu aliyetoka kufiwa, na wengine walikasirika wakasema kijana amewafanya wajinga. Mzee Ntirampeba hakumsamehe. Walikutana njiani wakapishana kama wageni. Likizo ile ya mwisho, Juvenali alipita tena nyumba zote akawaambia kwamba amewaandika, kila mtu na mlango wake. Aliyokuwa akiyawaza siku ile mbele ya kila mmoja, ameyaweka kitabuni. Msikasirike, aliwaambia, siku kikitoka mtasikia.

Ndiyo maana wamejaa hivi, Jovina akasema. Hawajaja kula.

Kwa upande wake yeye alikuwa anangoja mlango mmoja. Juvenali alimwambia kwamba alisimama hata kwa Secilia, nyumba ikiwa imefungwa, mwenyewe amelala hospitali chini ya shuka, akabisha hodi na kuzungumza naye. Mama alipomuuliza alisema nini, akajibu kwamba hawezi kulitamka mara mbili, atalisikia kitabuni.

"Nimelingoja neno hilo kuliko ninavyongoja mvua," Jovina alisema. "Ni watoto wangu wawili, mwanangu. Wote sasa wako humo."

Wakarudi uani, Jovina akaligusa boksi kwa kiganja, akaenda kuangalia maharage.

Leonsia alimtafuta Matiasi akamvuta pembeni. Wakapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya zizi, mahali ambapo mtandao ulipatikana, Leonsia akampigia binti aliyerithi kiti chake cha uhariri ofisini. Akamwomba atazame kwenye kompyuta, kwenye kila kona, kama kuna faili la zamani la Juvenali. Yule binti alitafuta kwa bidii, maskini, akarudi simuni kwa sauti ya furaha akasema kila kitu kiko sawa, kuna faili moja tu, safi.

Matiasi akasema kwamba lipo jambo moja la kufanya. Atunge. Nani atajua? Watu hawa wengi hawatakishika kitabu, watasikia sauti yake. Yeye Leonsia ameishi na maandishi ya Juvenali kuliko mtu yeyote, mkono wake anaujua, anaweza kumwandika hata akiwa amelala. Awasomee njia nyumba kwa nyumba, awape amani, mama ashike jembe. Wakirudi chuoni watachapa upya na hayo aliyoyatunga. Alisema hivyo kwa kumhurumia, wala hakuwa na ubaya wowote, na Leonsia aliona kwamba ni kweli angeweza. Hilo ndilo lililomtisha.

Katekista alisali kwa kifupi. Anatory, mtu mnene mwenye koti lililombana mabegani, alisimama akamshukuru kila aliyefika, waliotoka Kirushya, waliotoka Ntobeye, na hawa vijana wa chuo waliokuja na mtoto wetu mkononi. Jembe jipya lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo ya turubai. Jovina alikaa mbele kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Mzee Ntirampeba alikuwa kwenye kiti upande wa kulia, amevaa kofia yake ya sikukuu, na alipotajwa kwamba sasa kitasomwa kitabu aliivua.

Leonsia alianza kusoma. Alisoma vizuri, sauti yake ilishika tangu ukurasa wa hospitali. Pale kijana anapomfunika dada yake uso, wanawake waliinamisha vichwa, na mmoja alianza kulia taratibu bila kuficha. Kijana akapanda gari. Kijana akashuka barabarani. Watu wakasogea mbele, unaweza kusema turubai lote lilisogea. Leonsia akaona sentensi ile inakuja, fupi, safi, imekaza. Akaifikia. Na badala ya kuisoma, macho yake yakiwa juu ya karatasi, akasema kitu ambacho hakikuwapo.

Alisema kwamba kijana alifika kwa mzee Ntirampeba, akamwamkia, na mzee akamkaribisha pombe. Kijana akaipokea. Akawaza kwamba mikono ya mzee huyu inatetemeka kwa uzee, na kama atamwambia sasa, mikono hii ndiyo itakayoangusha kibuyu, naye hataki kumwona mzee akiinama kuokota. Kwa hiyo akanywa, akacheka naye.

Ilikuwa nzuri. Alijua ni nzuri wakati inamtoka. Mzee Ntirampeba aliangalia mikono yake mwenyewe, akaikunja, na machozi yakashuka kwenye mikunjo ya uso wake kimyakimya. Akatikisa kichwa mara kadhaa kama mtu aliyelipwa haki yake. Jirani yake akamshika bega.

Leonsia alimwona, akarudisha macho kitabuni. Akainua macho, akakutana na macho ya Jovina. Jovina alikuwa anamwangalia mdomo, anangoja, ameshahesabu ni nyumba ngapi bado kabla ya kufika kwa Secilia. Na Leonsia akaelewa atakachokifanya akiendelea. Atafika kwenye mlango ule, atabisha hodi, na atamtia Juvenali mdomoni maneno ya kumwambia dada yake aliyekufa. Mama atayachukua, atayakariri akilima, akipika, akisali, mpaka naye azikwe nayo. Na yatakuwa ya binti wa Malongo.

Akafunga kitabu huku kidole kikiwa ndani.

"Mama," alisema, "haya ninayosoma hayamo."

Hawakuelewa. Ikabidi aeleze, kwa Kiswahili cha polepole, huku Anatory akiwafasiria wazee wasiofuata vizuri. Kwamba Juvenali aliandika kila nyumba. Kwamba yeye ndiye aliyezitoa, baada ya msiba, akidhani anamsaidia. Kwamba hakuna nakala popote.

"Na ile yangu?" mzee Ntirampeba akauliza. "Ya mikono?"

"Ile nimeitunga mimi, babu. Sasa hivi hapa."

Mzee alivaa kofia yake. Hakusema neno la ukali, na ingekuwa heri angesema. Alisema tu, akimwelekea Anatory kana kwamba ndiye mwenye kitabu, "Nirimpa pombe, akanywa. Hayo ninayajua mwenyewe. Rakini sijui kwa nini alicheka."

Jovina hakuwa ameondoa macho kwa Leonsia. Akauliza kwa nini alizitoa. Leonsia alitafuta jibu lenye heshima, akakuta hana ila lile la ofisini.

"Niliona ni ndefu, mama."

"Ni ndefu," Jovina alikubali. "Ile njia ni ndefu kweli. Soma kilichoandikwa."

Leonsia akafungua. Sauti yake iliyokuwa imeshika vizuri tangu mwanzo sasa ilikuwa nyembamba. Akasoma: "Alishuka kutoka barabarani, akapita nyumba za majirani bila kusema neno, akafika nyumbani."

Chini ya turubai watu waliguna. Restuta, jirani ambaye mlango wake ulipaswa kuwa wa tatu, alimnong'oneza mwenzake kwamba mtoto yule hakuwahi kupita mtu bila kumsalimia tangu azaliwe. Jovina akatazama chini kwenye mkeka, akaupangusa kwa kiganja ingawa haukuwa na kitu.

"Secilia je?" akauliza. "Uliisoma hiyo kabla ya kuitoa. Alimwambia nini?"

Leonsia aliisoma, ndiyo, zaidi ya mara moja. Aliuona ukurasa wenyewe mbele ya macho yake, ulivyokaa, mahali aya ilipoanza. Aliona hodi. Baada ya hodi kulikuwa na mistari kama mitatu hivi. Aliitafuta huku watu wote wale wakimngoja, akaitafuta mpaka kichwa kikamuuma, akaona mistari tu, kama maandishi yaliyonyeshewa.

"Sikumbuki," alisema.

Jovina akainuka. Alikwenda kwenye nguzo, akalichukua lile jembe jipya, na kwa muda mfupi watu walidhani amesamehe na sasa anakwenda shambani. Akampa Anatory alirudishe ndani.

"Huyo wa kitabuni amefika," alisema. "Wangu hajafika. Siwezi kuganduka mtu hajafika."

Anatory alijaribu. Alimwita shemeji, alimkumbusha watu walikotoka, pombe iliyotengenezwa, magugu yale. Jovina akamjibu kwa upole kwamba pombe inywewe, chakula kiliwe, watu wasiondoke na njaa kwake. Lakini msiba bado. Akaingia ndani akatoka na sahani, na aliyeanza kumpakulia alikuwa Leonsia. Alimpakulia nyama. Leonsia alikula yote huku machozi yakiingia kwenye maharage, kwa kuwa kukataa kungekuwa tusi la pili.

Vitabu havikugawiwa. Boksi lilibaki limefungwa vilevile kwa mpira wake. Ilipofika saa ya kuondoka Jovina aliwasindikiza mpaka mwisho wa migomba yake, akasimama hapo, maana mfiwa haendi mbali. Alimshika Leonsia mikono kama alivyomshika walipofika.

"Ukilikumbuka, hata neno moja, njoo," alimwambia. "Usilitume kwenye simu. Lilete kwa miguu."

Leonsia alimwomba Matiasi atangulie na pikipiki na boksi, akasema atapanda kwa miguu. Watu walikuwa bado kwa Jovina, hivyo nyumba zote za njia ile zilikuwa kimya, kuku tu uani na mbuzi waliofungwa. Alikuwa anaipita njia kinyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, na ya kwanza kuifikia ilikuwa ya Secilia. Aliijua bila kuuliza. Mumewe alikwisha kuhama, mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu, na mgomba mmoja ulikuwa umeegemea ukuta.

Akasimama mbele yake. Akabisha hodi, kwa sababu hapo ndipo yeye Juvenali alipoanzia, akidhani pengine mengine yatafuata yenyewe. Alisema hodi tena. Alifumba macho akauona ukurasa, ile aya, ile mistari mitatu, na pembeni mwake maoni yake mwenyewe, ambayo hayakupotea neno hata moja: Hapa anarudia yaleyale. Tumeshaelewa. Toa.